Bondia kwenye Ndoano ya Alizeti

Vijana wa jimu ya nyuma ya stendi, mmeniomba niwaandikie programu ya mazoezi ya bondia. Mkasema iwe fupi, mzee, ya kubandika ukutani. Nimeshika kalamu tangu juzi na kilichotoka ndicho hiki, ukutani hakienei. Mkikichoka kifungieni karanga.

Nimepita pale dirishani kwenu mara kadhaa. Mna kioo kikubwa, mna muziki, mna vyuma vya kunyanyua ambavyo sisi hatukuviota. Mnapiga pushapu tano, mnajipiga picha kumi. Vifua vimejaa, mikono imejaa, miguu mmeisahau nyumbani, na ndiyo maana watu wa Manyoni wanawaangusha raundi ya pili. Msidhani nawachukia. Chuki ninayo, na ninazeeka nayo, lakini si yenu.

Kwanza mjue ni nani anayewaandikia. Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha umma cha kukamua mafuta hapa Singida mjini, na jioni nilikuwa mwalimu wa ngumi wa klabu ya wafanyakazi. Kazi ya kwanza ilinilisha, ya pili ilinipa usingizi mzuri. Enzi hizo kila shirika lilikuwa na timu yake. Meneja akisikia kuna kijana anajua kurusha ngumi, anamwajiri. Kama hakuna nafasi anampa ufagio, na mwisho wa mwezi kijana anapanga foleni ya mshahara pamoja na wengine. Mabondia wangu waliruhusiwa kutoka kazini mapema, walipewa maziwa, na kwenye zahanati ya kiwanda kulikuwa na mizani ya kupimia watu, ile ya kusimama juu yake. Mganga aliifunika kwa kitambaa cheupe, na aliyeigusa bila ruhusa alikiona cha moto.

Ngumi zenyewe nilifundishwa Itigi, nilikozaliwa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na jirani yetu, Mzee Sefu, alikuwa mshika bendera pale stesheni. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alikuwa mfupi, mkali, mtu wa swala tano, na hakuwahi kutuambia yeye alifundishwa wapi. Alitupeleka kwenye njia ya kando ya reli, ile ambayo mabehewa mabovu huachwa, akatuambia tutembee juu ya mataruma. Mnayajua mataruma, yale magogo yanayolala chini ya chuma. Hayakupangwa kwa hatua ya binadamu. Ukienda kawaida utajikwaa tu. Mzee Sefu alitaka twende mbele, turudi nyuma, twende ubavu, macho juu, ngumi kidevuni. Ukitazama chini, mti wa bendera unakukuta kisogoni. Nililia sana juu ya mataruma yale, na sijawahi kupata mazoezi bora ya miguu kuliko yale hadi leo. "Ngumi inatoka mguuni," alikuwa akituambia. "Mkono ni tarishi tu."

Nilipohamia Singida na kupewa klabu, nilijiona nimeshakuwa mwalimu. Kitu cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa gunia la kupiga. Nikalijaza mchanga, maana mchanga hapa hatununui. Kwa siku mbili lilipendeza. Kisha mchanga ukashuka wote chini, ukagandamana, na kijana mmoja wa idara ya bohari akalipiga kwa nguvu zake zote akateguka kiwiko cha mkono. Mzee Sefu alipokuja kunitembelea aliligonga gunia lile kwa kidole, akaniuliza kama nafundisha ngumi au nachimba kisima. Nikalijaza upya kwa maganda ya alizeti na vitambaa vikuukuu, na kila baada ya muda tukaligeuza juu chini ili lisijaze tumbo. Ninyi mmenunua la dukani. Ni zuri, lakini na lenyewe ligeuzeni.

Halafu kuna jambo la msimu, ambalo video zenu za kwenye simu hazitawaambia. Chama cha ngumi kilituletea programu ya mazoezi iliyopigwa chapa, imetoka nchi za nje. Ilisema bondia akimbie alfajiri, ale nyama, alale mchana, aje jioni apige gunia. Nikaifuata kama msahafu. Ilipofika mwezi wa kwanza, vijana wakaanza kuanguka. Nilifoka, nikawaita wavivu, hadi nilipogundua kwamba kila mmoja wao kabla ya kuja kazini alikuwa ameshapalilia shamba la mtama la mama yake. Hao walishakimbia alfajiri yao na jembe mkononi. Tangu hapo programu yangu ilifuata mvua. Wakati wa palizi tulifanya kazi ya kichwa na miguu tu: kukwepa, kuhesabu hatua, kumsoma mtu anapumuaje. Mavuno yakiisha ndipo nawachosha, na hata huko sikuwa na haja ya vyuma. Niliwapeleka kupura mtama.

Mkitaka mabega ya bondia, nendeni mkapure mtama. Mnasimama mkitazamana, kila mtu na fimbo yake, mnapiga kwa zamu, huyu akishusha yule anapandisha. Ukichelewa unapigwa vidole, ukiwahi unaharibu mdundo. Mimi niliwabadilisha mkono kila mara, wa kulia akapige kushoto, na nikawakataza kubana pumzi. Akina mama walinipenda sana mwaka ule. Mmoja wa Ilongero aliniuliza kama nina mazoezi mengine ya kuchimba choo, maana mumewe ana kiuno kibovu. Nilimwambia nitafikiria.

Sasa nije kwenye uzito, maana ndiko ninakoogopa kufika na ndiko ninakotakiwa kufika. Programu yote ya bondia inategemea uzito. Anapigana na mtu wa kilo zake, na asiyetimiza kilo hapigani. Bondia akishuka taratibu, kwa wiki nyingi, anashuka na nguvu zake. Akikaushwa kwa siku moja anafika ulingoni hana kitu ndani, hata kama misuli inaonekana. Kwa hiyo mimi niliwapima kila Jumamosi, na kile mizani ilichosema ndicho kilichoamua wiki ile nani ale nini, nani akimbie kiasi gani, nani apumzike. Wenzangu wa mikoa mingine walikisia kwa macho. Mimi nilijivunia kwamba sikisii.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikawafungulia watu binafsi biashara. Wazee wenzangu wanapenda kuisema vibaya ruksa yote, mimi simo. Nilipanga foleni ya sabuni kama wao, nakumbuka ilivyokuwa. Maduka yalijaa, tukavaa, tukaoga. Lakini siku moja tuliitwa chini ya banda la kiwanda tukaambiwa tumepunguzwa kazi, tangu mwenye miaka miwili kazini hadi mwenye ishirini. Kiwanda kikauzwa kwa mtu ambaye sijamwona hadi leo. Akafunga geti, glavu zetu nzuri zikiwa ndani pamoja na viti vya klabu. Mizani ya mganga sijui ilikokwenda. Chama cha ushirika nacho kikaacha kununua mazao, na wakaja wanunuzi wenye malori yao, kila mmoja na bei yake na mizani yake.

Mkubwa wao hapa tulimwita Mashudu, kwa sababu alianza kwa kuuza mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa ambayo ng'ombe wanapewa. Wakulima walimwita tajiri, naye aliitikia. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Miaka kadhaa ikapita, na aliposikia mwalimu wa ngumi bado ana vijana wasio na pa kufanyia mazoezi, alinifuata mwenyewe nyumbani. Akatupa godauni lake la njia ya Ilongero tulitumie jioni, mzigo ukishapakiwa. Akatununulia glavu. Nilipomwambia nahitaji mizani, alicheka akanielekezea juu.

"Si ile pale, mwalimu? Kama inapima alizeti itashindwa kupima mtu?"

Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ina uso wa duara kama saa ya ukutani, na chini yake ndoano. Tukafunga kitanzi cha kamba kwenye ndoano. Bondia anashika kamba kwa mikono miwili, anakunja magoti, ananing'inia, mimi nasoma mshale. Wakulima waliokuwa kwenye foleni na magunia yao walitucheka hadi machozi. "Huyo msimwage," wananiambia, "huyo daraja la kwanza." Nami nilicheka nao. Nilikuwa mtoto wa reli, kisha mtu wa kiwanda. Chakula nilinunua sokoni kwa mshahara. Katika maisha yangu yote sikuwahi kupeleka gunia la zao lolote kwa mnunuzi, na kwangu mizani ilikuwa kama saa ya stesheni, haimjui mtu.

Ntandu alikuja kwetu wakati huo. Alikuwa mtoto wa mfugaji na mkulima wa upande wa Ilongero, Mzee Njiku, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa ugonjwa na ukame. Kijana mkimya, anatumia mkono wa kushoto, na miguu yake Mzee Sefu angeipenda bila kuigusa. Amekulia nyuma ya ng'ombe kwenye mawe. Hakuwa na haja ya mataruma. Nilimfundisha miaka miwili, na sijapata mwingine. Nasema hivi nikijua wengine niliowafundisha wako hai na watasoma. Nao wanajua.

Macho yangu yaliniambia Ntandu ana kilo sitini. Nimeshika vijana wengi mabegani, najua kilo sitini zinavyokaa. Nikamning'iniza kwenye ndoano, mshale ukasimama hamsini na saba. Nikafurahi. Hamsini na saba ni uzani wa unyoya, na kwa urefu wa mikono yake katika uzani ule hakuna ambaye angemfikia. Nikamjengea programu ya uzani wa unyoya. Kwa kuwa alikuwa anakimbia sana na nikaogopa asije akapungua zaidi, nikamwongezea chakula: uji wa uwele na maziwa kila asubuhi, karanga jioni. Mke wangu ndiye aliyempikia. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba Tatu, huyu kijana ananenepa." Nikamjibu kwamba mizani haimwonei mtu wivu. Bukta ya Ntandu ilikuwa inamwachia alama kiunoni, niliiona, na Jumamosi mshale ukasema hamsini na saba na robo, nikaamini mshale.

Wakati huo kulikuwa na afande mmoja aliyekuwa akichagua vijana wa timu ya ngumi ya jeshi. Akanipa taarifa kwamba atakuwa Dodoma kwenye mashindano ya kanda, na kijana atakayemfurahisha ataondoka naye: mafunzo, sare, mshahara, pensheni. Ninyi mnaweza msielewe hilo lilikuwa na uzito gani. Viwanda vimefungwa, mashirika yamefungwa, kila mahali watu wanapunguzwa, hakuna anayeongezwa. Mlango uliobaki wazi kwa kijana wa Ilongero aliyeishia darasa la saba ulikuwa huo mmoja. Ntandu alikuwa na wadogo zake wanne. Nilimweleza habari ya afande, akanisikiliza, akauliza, "Na pale mtu anakaa hadi kustaafu, mwalimu?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

Mashudu alitupa lifti ya lori lake, tukapanda juu ya magunia, tukapita Manyoni, tukaingia Dodoma tumejaa vumbi hadi kope. Asubuhi yake tukaenda kupima. Ntandu akavua nguo, akapanda, na msimamizi akasoma: sitini na kitu juu.

Nikasema mizani yenu mbovu. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na mimi si mtu wa kelele. Msimamizi, mzee mmoja mpole, akaniambia nipange foleni nitazame wengine. Nikatazama. Wa Tabora wakapanda, wakasomwa sawa na walivyoandikishwa. Wa Dodoma hivyo hivyo. Vijana wangu wengine, ambao niliwapima kwenye ndoano ile ile, mmoja baada ya mwingine wakasomwa wamezidi, ila wao walikuwa na nafasi ndani ya uzani wao, wakapita. Ntandu hakuwa na nafasi. Uzani wa juu yake tulishamwandikisha kijana wa Manyoni, na majina yalishafungwa. Msimamizi akanionea huruma. Akaniambia tuna hadi saa nane mchana.

Sitawafundisha tulichofanya, maana najua mtu atajaribu. Tulimvika nailoni na blanketi, tukamkimbiza uwanjani kwenye jua la Dodoma. Alitema mate kwenye kopo hadi yakaisha. Tulimnyoa nywele. Saa saba alikuwa haongei, saa nane akapanda mizani uchi kabisa, na mshale ukamkubali. Watu walipiga makofi. Mimi nilimpa maji, akayatapika.

Jioni alipanda ulingoni na kijana wa Tabora. Raundi ya kwanza alicheza vile nilivyomfundisha na vingine ambavyo sikumfundisha. Yule wa Tabora hakuuona mkono wa kushoto hata mara moja. Afande alikuwa mstari wa mbele, nikamwona anamgusa mwenzake begani na kunyoosha kidole. Raundi ya pili miguu ikaisha. Mnajua mguu ukiisha inakuwaje: mtu anasimama mahali pamoja, mikono inateremka yenyewe. Alipokaa kwenye kona nilimuuliza kama nisimamishe, akatikisa kichwa, akasema afande yupo. Raundi ya tatu alipigwa mbele yangu, jicho la kushoto, jicho la kushoto, jicho la kushoto, naye amesimama tu. Nilirusha taulo. Nilipogeuka kutazama mstari wa mbele, kiti cha afande kilikuwa wazi.

Hospitali walimtazama jicho wakatuambia tusubiri, na kusubiri kwenyewe ndiko tulikofanya. Uvimbe ulipoisha lilibaki na ukungu. Ngumi zake zikaishia hapo.

Niliporudi Singida sikwenda kwa Mashudu na maneno. Nilikwenda dukani nikachukua mfuko wa saruji, haujafunguliwa, umeandikwa ubavuni kilo hamsini, nikaupakia kwenye baiskeli nikausukuma hadi godauni. Ilikuwa asubuhi ya kununua, foleni imefika barabarani. Nikawaomba radhi waliokuwa mbele, nikaufunga mfuko kwa kamba, nikautundika kwenye ndoano. Mshale ukasimama kwenye arobaini na saba na nusu. Nikawaambia wote waje wasome.

Hakuja mtu. Wengine walitazama miguu yao, wengine walitazama magunia. Mashudu alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja, akasoma yeye mwenyewe, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Unaona, mwalimu," akasema. "Siku hizi hata saruji wanaiba."

Foleni nzima ikacheka. Walicheka kwa dhati, wanaume kwa wanawake, na nilivyowatazama nikaelewa kwamba katika watu wote wale mjinga nilikuwa mimi peke yangu. Mzee Njiku alikuwemo kwenye foleni, baba yake Ntandu, na magunia yake mawili. Akanishika mkono akanitoa nje.

"Mwalimu," akaniambia, "nakuheshimu, wewe umemlea mwanangu. Lakini usitusemee. Huyu akikasirika akapeleka lori lake Shelui, mimi mzigo huu naupeleka wapi?"

"Mzee, mizani hii ndiyo iliyompofusha mtoto wako."

Aliuachia mkono wangu. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: kwamba mizani haina ngumi. Akarudi kwenye foleni, maana aliyekuwa nyuma yake alishaanza kusogeza gunia. Kabla ya saa sita kijana wa Mashudu aliniletea nyumbani glavu mbovu mbovu zilizokuwa zetu tangu zamani, na kuniambia kwamba tajiri anasema godauni sasa litakuwa na mzigo hadi jioni.

Mnaniuliza wakati mwingine, mkinikuta barabarani, kwa nini niliacha kufundisha nikiwa bado na nguvu. Nawajibu magoti. Magoti yangu ni mazima.

Kwa hiyo kama mnataka programu, anzieni hapa: uzeni hicho kioo, nunueni mizani ya kusimama, na mumwite mtu wa vipimo wa serikali aikague na kuigonga muhuri, na mwaka ukiisha mumwite tena. Mkishaweza kumwamini mshale, mengine yote, chakula, mbio, gunia, mapumziko, yatajipanga. Msipoweza, mtakuwa mnamfunza bondia ambaye hayupo.

Lakini bado sijawaambia lililonikata miguu. Mashudu alikuwa mwizi, na mwizi namwelewa. Wakulima walikuwa na njaa, na njaa naielewa. Baada ya siku chache nilikwenda Ilongero kumjulia hali Ntandu. Nilimkuta nje ya boma lao, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachonga mpini wa jembe, kichwa amekiinamisha upande ili jicho zima lifanye kazi. Akasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jicho linasemaje?"

"Naona, ila kuna moshi."

Nikakaa, nikamweleza ya saruji. Nilimweleza yote, hadi kicheko cha foleni, na nilimweleza kwa hasira, nikitegemea naye akasirike, labda tukasirike pamoja ipungue. Yeye aliendelea kuchonga.

"Nilikuwa najua, mwalimu," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba inakula. Mizani ya tajiri inakula, tangu nikiwa mdogo nampelekea baba magunia. Kila mtu anajua."

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi hakuniambia, Jumamosi zote zile ananing'inia mbele yangu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema alidhani najua. Akasema aliponiona namwongezea uji na karanga aliamini mwalimu ameshapiga hesabu zake, kwa sababu na mizani ya Dodoma nayo ingekula.

"Kwa nini ingekula?" nikamuuliza.

"Mizani zote zinakula, mwalimu."

Nilitaka kumpiga kofi, nasema kweli, kijana niliyempenda kuliko wote. Kisha nikahesabu umri wake, nikaona kwamba tangu apate akili hajawahi kuona mizani isiyokula. Ushirika ulikufa yeye akiwa anachunga ndama.

"Ntandu," nikamwambia, "ile ya Dodoma ilikuwa sawa. Niliikagua. Nilitazama watu wote wakipimwa. Ilikuwa inasema kweli."

Akaacha kuchonga. "Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa adabu, jinsi mnavyoniitikia kwa vichwa ninyi nikianza kuwasimulia habari za kiwanda. Kisha akapangusa mpini kwa kiganja, akaniambia nikaribie ndani, mama yake alikuwa ameshasonga ugali.